Mwaka Nilioshika Besi ya Kwaya

Juzi Shangazi alinipigia simu kunitangazia kwamba amenunua blenda, na kwamba kinu chake cha karanga amempa jirani, na jirani amemweka kuku humo atamie mayai. Alisema habari hiyo kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Nilikaa na simu sikioni nikisikia harufu ya karanga za kukaanga hapa hapa sebuleni kwangu, ambako hakuna aliyekaanga chochote tangu asubuhi. Nikamwambia, "Shangazi, umempa kuku mwalimu wangu wa muziki." Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza kama nimekula, maana kwake mtu anayesema maneno ya namna hiyo ana njaa.

Nilikuwa nimekula. Nilikuwa tu nimerudishwa Nyasubi, mtaani kwa Shangazi, kwenye mwaka ule niliokuwa na vidole vyenye malengelenge na moyo wenye kiburi.

Nilizaliwa Bugarama, kata ambayo mgodi mkubwa umeikalia ubavuni. Alasiri walipolipua mwamba, ardhi ilitetemeka kidogo, bati likanong'ona, maji ya ndoo yakajikunja, kuku wakanyamaza, halafu kila kitu kikaendelea. Hakuna aliyeshtuka. Mama aliweka kiganja juu ya kifuniko cha sufuria, akaendelea na mazungumzo yake palepale alipoyaachia. Kwa hiyo utotoni niliamini kwamba ardhi hutikisika kwa sababu moja tu duniani, nayo ni watu wanaotafuta dhahabu.

Nilipofika darasa la tano wazazi walinipeleka Kahama mjini kwa Shangazi, dada yake Baba, ili nisome. Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika, na aliuza unga wa karanga pale sokoni Nyasubi. Jumapili ya kwanza alinivalisha gauni lililonibana makwapa akanipeleka kanisani. Tuliketi mbele kwa sababu Shangazi hakubali kuketi nyuma mahali popote. Kwaya ikasimama, wimbo ukaanza, na benchi letu likaanza kutetemeka.

Nilijua mara moja. Wamechimba mpaka chini ya kanisa. Nikashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, nikamnong'oneza: "Shangazi, wanalipua."

"Nani?"

"Watu wa mgodini. Wako chini yetu."

Shangazi alinitazama kwa muda, akajitahidi asicheke kanisani, akashindwa, akajifanya anakohoa. Kisha akanielekeza kwa midomo, kama wanavyoelekeza watu wetu wanapokuwa wavivu wa kunyoosha kidole. Pembeni ya jukwaa alisimama kijana mwembamba, suruali imenyooshwa pasi mpaka mkunjo wake unaweza kukata mkate, macho nusu wazi, ameshika gitaa lenye shingo ndefu. Hakuwa akicheza. Hakuwa akiimba. Alionekana kama mtu anayesubiri kinyozi amalize kichwa cha mwingine.

"Ni yule," Shangazi akasema. "Anaitwa Elikana. Ile ndiyo besi. Haya, imba."

Sikuimba. Nilimtazama Elikana mpaka ibada ikaisha. Kijana ambaye upepo wa Agosti ungemchukua bila shida alikuwa anatikisa kanisa zima, watu na mabenchi yao, na jasho halimtoki. Nilifikiri kama mtoto wa Bugarama anavyofikiri: kinachotikisa ardhi ni nguvu, basi huyu ana nguvu za ajabu alizozificha kwenye vidole. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo lilikuja kunitesa miezi mingi. Lakini siku ile lilinipa hamu. Nilitaka vidole vile. Nilitaka kusimama pale pembeni nitikise watu wazima kwenye mabenchi yao.

Jumamosi nikaenda mazoezini bila kualikwa.

"Shikamoo."

"Marahaba," Elikana akasema. "Umetumwa?"

"Hapana. Nataka kupiga hiyo."

Wapigaji wenzake wakacheka. Elikana naye akacheka, ila hakuwa mtu mchoyo. "Hii nzito, binti."

"Mchi wa Shangazi ni mzito zaidi."

Akanivika mkanda. Gitaa likanishukia mpaka karibu na magoti, ikabidi tufunge fundo. Lilikuwa na nyuzi nne nene kama kamba za kuanikia nguo, baridi, na lilinuka chuma na jasho la miaka. Nikakusanya nguvu zangu zote, nikaukamata uzi wa juu kwa kidole kimoja nikauvuta kama ninayeng'oa mhogo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kifuniko cha sufuria kinapoanguka sakafuni.

"He! Unapiga besi au unaponda mawe?" Elikana akauliza, na jukwaa zima likacheka.

Mimi nikaona nimesifiwa. Kwetu Bugarama mponda mawe ni mtu anayeheshimika, anayelisha familia. Nikavuta tena, kwa nguvu zaidi.

Tangu siku ile nilikuwa pale kila Jumamosi. Elikana alinionyesha noti zilipo, wimbo baada ya wimbo, na kichwa changu kilikuwa chepesi. Nilizishika zote. Ila hakuwa mwalimu. Alijua kupiga, hakujua kueleza, kama watu wengi wanaofanya jambo vizuri. Aliniambia "polepole," nami nikapunguza mwendo badala ya kupunguza nguvu. Aliniambia "tulia," nikasimama wima kama askari nikaendelea kuvuta. Ncha ya kidole changu ilipata lengelenge, likapasuka, likaja jingine juu ya lile. Nililionyesha shuleni kama wengine wanavyoonyesha saa mpya.

Kisha ikaja habari ya rashi. Nyie wa rika langu mliokulia upande ule mnajua rashi inavyotangazwa. Haitangazwi redioni. Unaona tu kijiwe cha bodaboda kimepungua, kinyozi amefunga, fundi viatu ameacha viatu vya watu, na ukiuliza unaambiwa kwa sauti ya chini kwamba dhahabu imetoka juu juu, kule upande wa Geita, na watu wanaikwangua kwa koleo. Wiki ile Elikana alipiga pasi suruali zake, akazifungia sandukuni, akaondoka na koleo begani. Jumamosi tulikuta besi imelazwa juu ya kiti peke yake. Hakuwa wa kwanza. Aliyepiga kabla yake naye alipotelea kwenye rashi nyingine. Kwaya yetu ilikuwa na waimbaji wa kutosha, lakini wapiga besi dhahabu iliwameza mmoja baada ya mwingine.

Na safari ilikuwa mbele yetu. Baada ya mavuno kulikuwa na mkutano wa kwaya, Shinyanga mjini, ambako kwaya za mkoa wetu na za Geita hukutana, zinaimba, zinapimana kimoyomoyo na kupongezana kwa midomo. Mwalimu Zakayo, kiongozi wa kwaya yetu, alikuwa fundi cherehani, na utepe wake wa kupimia haukuwahi kutoka shingoni hata wakati wa kuomba. Alisimama mbele yetu akiwa ameushika ncha zote mbili.

"Nani anaijua besi?"

Nestori ndiye aliyejibu. Nestori alipiga kinanda, aliuza vifuniko vya simu, na leso yake ilinukia marashi mpaka kwenye safu ya nyuma. "Mwalimu, besi ya nini? Mkono wangu wa kushoto upo." Akabonyeza vitufe vya chini, sauti nzito ikatoka, laini na imekaa mahali pake. "Gitaa lifungeni. Linatuletea tu wakimbizi wa dhahabu."

Watu wakacheka, na baadhi wakaitikia kwa kichwa. Nikainua mkono.

"Minza?" Mwalimu Zakayo akanitazama kuanzia juu mpaka chini kama anayenipima gauni. Nilikuwa mtoto wa darasa la sita kwa wakati ule, mrefu wa miguu, mfupi wa adabu. Akauzungusha utepe kidoleni, kisha akasema, "Huyu angalau hatakimbilia rashi."

Ndiyo sababu pekee niliyopewa, na mimi sikuhitaji nyingine. Masharti yake yalikuwa haya: niende na gitaa nyumbani, nifanye mazoezi, na Jumamosi ya mwisho kabla ya safari angenisikiliza. Nikifaa, nitapiga Shinyanga. Nisipofaa, Nestori atapiga besi kwa mkono wake wa kushoto, na gitaa litafungiwa kabisa. Sijawahi kukitaka kitu kama nilivyotaka kusimama Shinyanga na gitaa lile. Hata leo, na umri huu, sijui kama nimewahi kukifikia kiasi kile cha kutaka.

Nililibeba gitaa mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, shingo ikichungulia begani. Majirani waliuliza ni wa kike au wa kiume. Nyumbani hakukuwa na spika, na besi bila spika haina sauti ya maana. Nikagundua kwamba nikiegemeza kichwa cha gitaa kwenye kabati la vyombo, mbao zinaipokea sauti na vikombe vinaitikia. Basi nilisimama pale kila jioni nikivuta nyuzi kwa nguvu ili kabati lisikie. Mkono wa kushoto nao niliuminya shingoni mwa gitaa kama ninayemnyonga nyoka, kwa kuwa niliamini noti isipobanwa kweli kweli itatoroka. Nikienda kulala, viganja vilikuwa vinauma mpaka kwenye kiwiko. Shangazi alinipaka samli vidoleni huku akilalamika. "Hii ni kwaya au ni kifungo cha kazi ngumu?"

Siku moja katikati ya majuma yale Mwalimu Zakayo alitaka tupige na kwaya nzima. Nikachomeka waya, nikafungua kazi. Nyuzi zilikoroma. Kila noti ilikuja na mlio mwingine juu yake, mlio wa chuma kugonga chuma, na noti ya nyuma ilikuwa haijanyamaza wakati ya mbele inaingia, zikawa zinapigana. Nestori alitoa leso akajiziba sikio moja. Kwenye wimbo wa tatu mkono wangu wa kulia ulikakamaa. Vidole vikakataa kukunjuka. Nikaacha katikati ya ubeti, nikasimama na gitaa limening'inia, na mkono wa kushoto wa Nestori ukaingia pale nilipotoka.

Kilichoniumiza si kuacha. Kilichoniumiza ni kwamba hakuna aliyegeuka. Wimbo uliendelea kana kwamba sikuwahi kuwemo. Nililia njia nzima kutoka kanisani mpaka kwa Shangazi, kilio cha hasira, na mwendesha bajaji mmoja akapunguza mwendo akaniuliza nimeibiwa nini.

Nilimkuta Shangazi uani na sinia la karanga zilizokwisha kukaangwa na kupepetwa. Alikuwa na wateja wanaosubiri, hakuwa na muda wa machozi. "Chukua mchi," akasema.

Kutwanga kwa watu wawili kwenye kinu kimoja mnakujua. Michi miwili, mdomo mmoja wa kinu. Wako ukipanda wa mwenzako unashuka. Nilijua kufanya hivyo tangu mdogo, ila siku ile nilikuwa nautwanga uso wa Nestori. Nilishusha mchi kwa nguvu zote, nikauwahisha, michi ikagongana, karanga zikaruka mpaka kwenye miguu ya mbuzi wa jirani.

Shangazi akasimamisha kazi. "Una ugomvi na karanga?"

"Hapana, Shangazi."

"Na mimi?"

"Hapana."

"Basi mbona unatwanga kama unafukuza mwizi? Mchi una uzito wake, ng'wana wane, mwanangu. Wewe unyanyue tu, kushuka unajua wenyewe. Na ukishashuka, mpishe mwenzio. Usipompisha tutashinda hapa mpaka kesho, na hao wateja watahamia kwa Mama Kulwa."

Tukaanza upya. Tu, tu, tu, tu. Nilikuwa nimechoka kulia na kuchoka mikono, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nilifanya alichosema, kwa uvivu tu. Nikaunyanyua, nikauacha. Mwendo ukatulia. Shangazi alitwanga huku akimsalimia mpita njia, akamwuliza habari za mgonjwa wake, akamsengenya alipopita kona, na mchi wake haukuruka hata pigo moja. Nikautazama mkono wake. Ulikuwa mlegevu kabisa. Mkono mnene, laini, uliokuwa ukitwanga tangu mchana, na haukuwa na dalili ya kuchoka kwa sababu nusu ya wakati wote ulikuwa unapumzika.

Nikatazama mkono wangu wa kulia. Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba, kimepasuka, kimekuwa cheusi. Kidole cha pembeni yake kilikuwa kizima, kisafi, hakina hata mkwaruzo. Miezi yote ile nilikuwa natwanga na mchi mmoja! Mwingine nilikuwa nimeukalisha pembeni kama mgeni wa heshima.

Nikaacha mchi kinuni nikakimbilia ndani.

"Karanga wewe!" Shangazi akapaza sauti nyuma yangu. "Minza! Karanga!"

Niliegemeza gitaa kwenye kabati nikajaribu. Kidole hiki, kisha kile. Sikuvuta uzi, niliacha kidole kishuke juu yake, kiupite, kitue kwenye uzi unaofuata na kupumzika hapo, na wakati kimepumzika mwenzake anashuka. Tu, tu, tu, tu. Mwanzoni kimoja kilikuwa na sauti nene na kingine kilikuwa chepesi, kama kutwanga na mtoto. Nikarudia mpaka zikakaribiana. Halafu nikawaza, ikiwa mkono wa kulia hautaki nguvu, je, wa kushoto? Nikalegeza kidole cha kushoto kidogo kidogo mpaka uzi ukakoroma. Nikakisogeza mbele, karibu kabisa na kile chuma chembamba kilicholala shingoni mwa gitaa, bila kuongeza nguvu. Mkoromo ukakoma. Nikarudi nyuma, ukakoroma. Mbele, ukakoma. Nilicheka peke yangu mbele ya vikombe. Dole gumba nililokuwa nimelizungusha shingoni nikalishusha nyuma, likakaa tu hapo, halimnyongi mtu. Nikaweka kidevu changu kwenye ubao wa gitaa, na sauti ikapanda kwenye mifupa ya taya, ya mviringo, nzima, imetulia.

Leo napiga na kufundisha besi, na wanafunzi wangu hunilipa niwaambie mambo haya haya. Huja na mabega yamepanda mpaka masikioni. Nawaambia washushe. Hawaniamini, kama mimi nisivyomwamini Elikana, na sina kinu cha kuwapa.

Kuanzia siku ile sikukimbia kutwanga tena. Shangazi alishangaa adabu yangu mpya. Nilitwanga huku nikiimba mistari ya besi kwa mdomo, naye akaimba wimbo wenyewe juu yake, kwa sauti ya kutangaza biashara. Hapo nikang'amua na jambo jingine, kwamba mchi ukiwa juu kuna kimya, na kimya kile ndicho kinachofanya pigo linalofuata lisikike. Nikaanza kunyamazisha noti zangu. Kidole cha kushoto kinainuka kidogo bila kuuacha uzi, noti inakata, kimya, kisha nyingine inaingia mahali palipofagiliwa. Shangazi mpaka leo anaamini alichonifundisha ni kutwanga karanga.

Ikaja Jumamosi ya mwisho. Kwaya ilikuwa imekaa, Nestori ameshapanga vitufe vyake vya besi. Nikachomeka waya, nikagusa uzi kwa ulaini niliouzoea. Sauti ikatoka ndogo, ya kuombaomba. Nestori akatabasamu. Kwa ulaini ule hata safu ya kwanza isingenisikia, na njia ya nguvu sikuwa nayo tena, nilikuwa nimeitupa.

Nikatazama lile boksi la amplifaya, linalokuza sauti ya gitaa. Kitufe cha sauti kilikuwa chini kabisa. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nakishusha kila Jumamosi, kwa sababu kwa jinsi nilivyokuwa nikivuta nyuzi, kikipanda kidogo tu spika ililia kama inachinjwa. Nikaenda nikakishika.

"Unafanya nini?" Mwalimu Zakayo akauliza.

"Naongeza, Mwalimu."

Nikazungusha. Nikarudi mahali pangu. Nikaacha kidole kishuke.

Vioo vya madirisha vikalia. Mama mmoja wa safu ya alto akashika kiti chake. Sakafu ilitetemeka chini ya nyayo zangu, na mimi nilikuwa nimegusa tu, nimegusa kama unavyogusa bega la mtu unayemheshimu. Kumbe nguvu zilikuwa kwenye boksi siku zote. Elikana hakuwa na nguvu zozote za siri. Nilipiga wimbo wa kwanza mpaka mwisho, na wa pili, na wa tatu ulionishinda, na mkono wangu ulikuwa mbichi kama wa asubuhi.

Mwalimu Zakayo hakunisifu, hakuwa na desturi hiyo. Alisema, "Gari linaondoka alfajiri, halimsubiri mtu." Nestori akauliza, kwa upole wa kuudhi, itakuwaje nikichoka katikati mbele ya watu. Mwalimu akafikiri. "Mkono wako wa kushoto uwe karibu," akamwambia. "Lakini usiutumie mpaka nikutazame."

Kwa hiyo nilikwenda Shinyanga nikiwa nimepata nafasi yenye mlinzi juu yake.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa kanisa, chini ya maturubai, vumbi limemwagiwa maji na bado linapanda. Kila kwaya ilivaa sare ya rangi yake, na kabla yetu iliimba kwaya moja kutoka Geita ambayo ilituvunja moyo kabisa. Walikuwa wazuri mno. Akina dada wetu wa sauti ya kwanza walianza kuuliza choo kiko wapi. Tulipopanda, fundi mitambo alikuja na waya wa besi mkononi, akanipita, akatazama huku na huku.

"Binti, sogea kidogo, mpiga besi apite."

"Ni mimi."

Akamtazama Mwalimu Zakayo. Mwalimu alikuwa anamfunga mwimbaji mmoja kifungo, hakuinua hata kichwa. "Mpe waya," akasema.

Tukaanza, na tukaanza vibaya. Kijana wa ngoma alitiwa hofu na kwaya ya Geita, akaingia kwa kasi ambayo hatujawahi kuifanyia mazoezi. Sauti ya kwanza ikamfukuza, ya pili ikaifukuza ya kwanza, Nestori akakimbilia mbele kuwawahi wote. Maneno ya ubeti yakaanza kumezwa. Nikahisi mkono wangu wa kulia nao unataka kwenda, misuli ya chini ya kiwiko inaanza kukaza, ule ukazo ninaoujua. Kama ningekimbia nao, ningekakamaa kabla ya ubeti wa pili.

Nikakataa. Nikashusha bega, nikalegeza kiganja, nikarudi kwenye mwendo wangu wa uani Nyasubi. Kidole hiki, kisha kile, kila kimoja kwa zamu yake, na kimya katikati. Kwa mistari michache tulikuwa makundi mawili jukwaani, wanaokimbia na mimi. Hakuna kitu cha upweke kama hicho. Nestori alimtazama Mwalimu, akainua mkono wake wa kushoto juu ya vitufe, nyusi zimepanda, anauliza. Niliona. Nilimwona Mwalimu akimwona. Nikaendelea, noti kwa noti, na sikuongeza nguvu hata chembe.

Mwalimu Zakayo akatikisa kichwa. Hapana.

Kijana wa ngoma ndiye wa kwanza kurudi. Nilihisi mguu wake ukinitafuta, ukanikuta, ukatua pamoja nami. Kisha sauti ya pili, kisha ya kwanza, mmoja mmoja, kama kondoo wanaopita mlangoni, na wimbo ukakaa. Mnajua wimbo unapokaa. Maneno yanafunguka, watu wanapumua. Nilihisi sakafu ya mbao ya jukwaa ikitetemeka, nikaona tetemeko lile likiwafikia watu. Mabibi wa mbele wakaanza kutikisa mabega wakiwa wamekaa, kisha wakasimama, na katikati yao Shangazi, ambaye hakuwa amekubali kuketi nyuma hata Shinyanga, akapiga kigelegele kilichosikika mpaka barabarani. Nestori alitia mkono wake wa kushoto mfukoni, akamaliza wimbo kwa mkono mmoja.

Tulipomaliza, uwanja haukukubali. Watu walipiga makofi, wakapiga miluzi, wale wa Geita wakawa wa kwanza kupaza sauti, "Ongezeni! Ongezeni!" Mshereheshaji akamgeukia Mwalimu Zakayo na kumpa ishara ya wimbo mwingine. Furaha niliyokuwa nayo sijui niiweke wapi, hata sasa ninapoiandika inanifanya nitabasamu peke yangu kama mwehu.

Nyimbo zetu zote zilikuwa zinaanza na kinanda. Nestori alikuwa ameshatoa mkono mfukoni, vidole vyote kumi viko tayari, kwaya imevuta pumzi.

"Nestori, subiri," Mwalimu Zakayo akasema. Akageuka, akanitazama mimi. "Minza. Anza wewe."

Uwanja ukanyamaza kusikiliza. Sikuwa na haraka. Niliwaacha wasubiri kidogo, wote, wakubwa kwa wadogo. Kisha nikaanza.